Barua ya wazi kwa bodi ya shirika letu la afya: tuandikeni katika daftari la kura

Kwa Mwenyekiti wa Bodi, wajumbe wa Bodi na Mkurugenzi Mtendaji,

MINTARAFU: OMBI LA KUANDIKISHWA KUWA MWANACHAMA MWENYE KURA

Wazee wangu, na ninyi mama zangu wawili mlio katika bodi,

Nimelelewa katika desturi ya kuinamisha kichwa mbele ya mkubwa ili aniguse utosini kabla sijasema langu. Barua hii naiandika nikiwa nimeinama vivyo hivyo. Jina la shirika letu silitaji, kwa kuwa sitaki kulichafua, na pia kwa kuwa ninayoyasema hayahusu shirika moja. Yako mashirika mengi ya afya nchini Kenya yaliyoandikishwa kwa jina la jamii za wafugaji na wawindaji, na wengi watakaosoma watajiona humu. Ninyi mtajijua.

Majuma matatu yaliyopita nilifika ofisini kuomba fomu ya uanachama. Karani, kijana mwenye adabu, alinipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Lakini mama, wewe si mwanachama. Wewe ni mnufaika." Akageuza kompyuta nione. Kweli nilikuwamo: jina, nambari ya simu, umri, idadi ya watoto, tarehe za chanjo zao. Nikamwuliza, wanachama basi ni kina nani? Akanieleza kwamba ni wale wazee 11 waliotia sahihi katiba ya shirika siku lilipoandikishwa. Wanne wameshafariki. Saba waliobaki ndio wanaopiga kura katika mkutano mkuu wa mwaka. Watano kati yao wamo kwenye bodi, na wajumbe wengine wanne wa bodi waliteuliwa na hao watano.

Fomu ya uanachama haipo. Haijawahi kuchapishwa.

Nimelala na kuamka na neno hilo, mnufaika. Ni kweli nimenufaika, wala sitakuwa mtovu wa shukrani. Mwanangu wa pili alizaliwa ndani ya gari lenu la wagonjwa, usiku, barabara ikiwa imekatwa na mafuriko, na mkunga wenu ndiye aliyempulizia pumzi mpaka akalia. Najua pia kwamba wazee waanzilishi walichanga mafahali kununua mabati ya zahanati ya kwanza, wakati hakuna mfadhili aliyejua hata njia ya kufika kwetu. Hilo nimelisikia tangu utotoni, na hakuna barua itakayolifuta.

Lakini hebu tazameni madaftari. Katika daftari la chanjo nimo. Kijitabu cha mama na mtoto ninacho mara nne. Katika orodha ya dawa za vikope nimo kila mara dawa inapogawiwa. Tangu mwaka 2023 nimo pia katika orodha ya serikali ya wahudumu wa afya wa jamii, wale 100,000 waliokabidhiwa mkoba na simu na kuahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Natembea boma hadi boma nikiandika majina ya wenzangu. Nimeshaandika mamia. Daftari moja tu halina jina langu wala la yeyote kati ya hao ninaowaandika, na hilo ndilo linaloamua madaftari mengine yote yaandikwe nini, wapi, na siku gani.

Nitoe mfano ili msione naongea juu juu.

Mama mkwe wangu huvaa shingoni, katikati ya shanga zake, kikoleo kidogo cha chuma. Wageni hudhani ni pambo. Ni cha kung'olea kope. Aliugua trakoma, huo ugonjwa wa vikope, tangu utotoni, ikapona na kurudi, ikapona na kurudi, mpaka ndani ya kope pakawa kovu tupu. Kovu lilipokaza, kope ziligeuka zikaelekea ndani, zikawa zinakwaruza jicho kila anapopepesa. Asubuhi huketi mlangoni kwenye mwanga, mjukuu akimshikia kioo, naye huzing'oa moja moja. Baada ya majuma machache huota tena, fupi na ngumu kuliko za kwanza. Ukimwuliza atakwambia ni kama mchanga usiotoka. Jicho lake la kushoto sasa haliko, limebaki ukungu.

Upasuaji wa kope hizo ni mdogo. Muuguzi aliyefunzwa huufanya kwa muda usiozidi saa moja, kwa dawa ya ganzi, juu ya meza safi; hauhitaji hospitali kubwa wala umeme wa mchana kutwa. Kwa miaka mingi timu yenu ya macho ilikuja mara mbili kwa mwaka, ikafanyia kazi hiyo katika darasa la shule iliyo karibu na kisima, na vikongwe walifika kwa miguu au kwa punda. Kisha, miaka miwili iliyopita, bodi ikaamua kuhamishia upasuaji wote mjini, katika jengo jipya. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ilikaribia bei ya mbuzi mdogo. Mwanamke mzee asiyeona vizuri hapandi bodaboda peke yake, kwa hiyo nauli ni ya watu wawili. Halafu lazima alale mjini ili bandeji ifunguliwe kesho yake, na mjini hana ndugu. Kati ya wanawake wazee niliowaorodhesha kwa mkono wangu mwenyewe mwaka ule, waliofika mjini ni watatu. Mama mkwe wangu hakuwa mmoja wao.

Sidhani mliamua hivyo kwa ubaya. Jengo ni zuri, lina maji ya bomba na kitanda safi, na mfadhili alitaka kuona linatumika. Mliketi mkatazama hesabu na hesabu ikawa sawa. Ila katika chumba kile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kumshikia kioo mama yake. Mwanachama mmoja tu angesimama kwenye mkutano mkuu akauliza, "Nao vikongwe watafikaje?", na nina hakika mngenyamaza, mkafikiri, mkapata njia. Mnufaika hana mahali pa kuuliza swali hilo. Anaweza kumwuliza karani, na karani atamjibu kwa adabu.

Kwetu Kajiado tunajua gharama ya daftari lililofungwa, tena tunaijua kuliko watu wengi. Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya wawakilishi wa vikundi vya ardhi, ile iliyozaa ranchi za kikundi. Ardhi iliyokuwa ya wote ikaandikwa kwa jina la kikundi, kikundi kikawakilishwa na watu wasiozidi kumi, na uanachama ukawekwa kwenye rejista. Walioandikwa kwa kawaida ni wanaume wenye boma. Wake zao hawakuandikwa, kwa kuwa ilidhaniwa jina la mume linatosha. Vijana ambao hawakuwa wametimiza umri siku rejista ilipofunguliwa wengi wao walikaa nje. Wazee waliokubali utaratibu huo hawakuwa na nia mbaya. Waliona ni karatasi ya serikali tu, na maisha yataendelea kama zamani. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi zilipoanza kukatwa vipande, ndipo ilipojulikana karatasi ile ilikuwa nini. Asiyekuwa kwenye rejista hakupata kipande. Mjane aliambiwa aulize shemeji zake. Kijana aliambiwa amngoje baba yake, na baba alikuwa ameshauza.

Mama yangu mzazi alizaa watoto saba juu ya ardhi ile, akajenga nyumba zake zote kwa mikono yake, na jina lake halikuwahi kuandikwa popote. Siku ya kugawa alikaa nje ya mkutano na wanawake wengine, chini ya mgunga, wakingoja kuambiwa.

Sheria ile ya 1968 imekwisha kufutwa. Iliyokuja badala yake, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, inasema baraza la jamii ni watu wazima wote wa jamii, wanaume kwa wanawake, na kwamba wao ndio wanaochagua kamati ya watu 7 hadi 15. Haiendi kila mahali kama ilivyoandikwa, sote tunaona. Hata hivyo mlango umewekwa pale penye ukuta. Wazee wangu, mnatetea sheria hiyo kila mnaposimama barazani kuzungumzia ardhi, nami nimewapigia makofi. Ndiyo maana inaniuma kuona kwamba afya yetu bado inaendeshwa kwa rejista ya mtindo wa 1968.

Nimejaribu kutafuta wengine wamefanyaje, na nimejifunza mengi kutoka kwa watu wa mbali sana, Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Mwaka 1971, katika mtaa wa Redfern jijini Sydney, walifungua kituo chao cha afya katika chumba cha duka, kwa sababu katika hospitali na kwa madaktari wengi walidharauliwa au hawakutibiwa kabisa. Madaktari wa kwanza walijitolea bila mshahara. Miongoni mwa waliokisimamisha alikuwa Shirley Smith, mama ambaye watu walimwita Mum Shirl, aliyekuwa maarufu kwa kuwatembelea wafungwa magerezani. Na daktari wa macho, Fred Hollows, mzungu kutoka New Zealand. Huyu daktari nimempenda kwa sababu mbili. Ya kwanza, aliongoza msafara uliozunguka Australia katika miaka ya 1970 kupima macho ya watu, na ugonjwa alioukuta vijijini mwa Waaborijini ni huu huu wetu, trakoma. Ya pili, baadaye alikuja upande huu wa dunia, akawasaidia Waeritrea wakati wa vita vyao vya ukombozi, na kiwanda cha lenzi za macho alichokisukumia kilifunguliwa Asmara, mji mkuu wao, mwaka 1994, yeye akiwa ameshafariki.

Ila kilichonifanya niandike ni namna kituo kile kilivyoendeshwa. Walisisitiza tangu mwanzo kwamba bodi itachaguliwa na jamii inayotibiwa pale. Wenzao wakaiga: mwaka 1973 Fitzroy kule Melbourne, na mwaka huo huo Alice Springs katikati ya jangwa. Leo mashirika ya namna hiyo yamezidi 140 nchi nzima, na masharti ya kuitwa shirika linalomilikiwa na jamii ni kuwa bodi yake imechaguliwa na wenyeji. Wengi wao wameandikishwa chini ya sheria maalumu ya mwaka 2006. Mtu wa jamii hujaza ombi, wakurugenzi hulipitisha kwa kufuata masharti yaliyoandikwa kwenye katiba ya shirika, jina lake huingizwa katika daftari, na mwanachama ana haki ya kulikagua daftari hilo. Kwa sheria hiyo hata kijana wa miaka 15 anaweza kuwa mwanachama. Kila mwaka hesabu za fedha huwekwa mbele yao. Nesi wa kigeni, mfadhili au rafiki wa shirika anaweza kupewa uanachama wa heshima ambao hauna kura. Hakuna aliyeona kuwa huko ni kumdharau.

Mtanijibu kwamba Australia ni nchi tajiri. Sikatai, lakini chumba cha duka hakikuwa utajiri, na orodha ya majina haigharimu zaidi ya daftari na kalamu. Tena serikali ya Australia ni miongoni mwa zile nne zilizopiga kura ya kulipinga Tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za jamii asilia, Septemba 2007. Kenya siku hiyo haikupinga wala haikuunga mkono. Tamko lenyewe, katika ibara ya 23, linasema jamii hizo zina haki ya kushiriki kikamilifu kupanga mipango yao ya afya na, inapowezekana, kuiendesha kupitia taasisi zao wenyewe. Miaka mitatu baadaye sisi Wakenya tukaandika katiba ambayo kwenye ibara ya 260 inawataja wafugaji na wawindaji kwa jina kuwa jamii zilizotengwa, na kwenye ibara ya 56 inaitaka serikali ihakikishe tunashiriki katika uongozi. Naziona ibara hizo zimenukuliwa katika ukurasa wa kwanza wa kila andiko mnalopeleka kwa wafadhili. Nimezisoma humo. Mnaidai serikali itushirikishe, na mnaidai kwa haki.

Wala sheria haiwazuii. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024, inaruhusu shirika lenye wanachama na lisilo na wanachama. Uchaguzi ni wenu. Kwa kuwa mashirika ya zamani yametakiwa kupitia upya karatasi zao chini ya sheria hii mpya, huu ndio wakati wa kufungua kifungu cha uanachama, kabla wino haujakauka tena kwa miaka mingine 30.

Najua hofu zenu, kwa kuwa mmoja wenu alinieleza kwa upole nilipomfuata nyumbani kwake. Nitazijibu kadiri ninavyoweza.

Hofu kubwa ni wanasiasa. Mzee aliniambia, "Binti yangu, ukifungua daftari leo, kesho mheshimiwa ataleta malori mawili ya vijana, awalipie ada, wachague bodi yake, na gari la wagonjwa liwe la kampeni." Hofu hii ni ya kweli na mimi ninayo. Nimeona vyama vya ushirika vikinyakuliwa hivyo hivyo. Lakini dawa yake si kufunga mlango. Ni kuweka kizingiti: mwanachama awe mkazi wa lokesheni zinazohudumiwa, ajulikane na majirani wawili ambao ni wanachama, na awe ameandikishwa angalau miezi mitatu kabla ya mkutano ndipo apige kura. Mwenye cheo cha kisiasa asigombee bodi. Ada iwe ndogo kiasi kwamba muuza maziwa ailipe mwenyewe, na ilipwe na mwenyewe, mmoja mmoja. Tena niseme jambo ambalo mzee hakulipenda: watu saba ni rahisi kununuliwa kuliko watu elfu mbili.

Hofu ya pili ni kwamba wengi wetu hatujui kusoma. Ndugu zangu, Gambia wamekuwa wakichagua marais wao kwa golori. Mpiga kura huingia peke yake, hutumbukiza golori katika pipa lenye picha ya mgombea, kengele hulia ndani mara moja, basi. Tunazo kokoto, tunayo madebe. Ninachoomba kwa moyo wote ni kura ya siri. Wenye umri wangu wazazi wao waliwasimulia mlolongo wa mwaka 1988, watu wakipangwa foleni nyuma ya picha za wagombea, na kila mtu akionekana amesimama wapi. Mwanamke wa kwetu akisimama foleni nyuma ya mgombea ambaye mumewe hamtaki, kura yake itahesabiwa mchana na yeye atahesabiwa jioni.

Kuhusu nani hasa ni wa jamii, hapo nakiri ni pagumu, na nimelifikiria kuliko yote. Kajiado ya leo si ya Wamaasai peke yao. Jirani yangu ni Mkamba aliyeolewa hapa zaidi ya miaka 20 iliyopita, watoto wake ni Wamaasai, naye hutibiwa zahanati ile ile. Fundi wa mabomba sokoni ni Mkikuyu. Australia huangalia mambo matatu: ukoo, mtu kujitambulisha mwenyewe kuwa wa jamii ile, na jamii kumkubali. Sidhani tunaweza kuhamisha kipimo hicho kizima kizima. Kwa maoni yangu, kila mtu mzima anayeishi hapa na kutumia huduma apewe kura, lakini katiba iseme wazi kwamba wajumbe walio wengi katika bodi watoke jamii ambayo shirika liliundwa kwa ajili yake, na kwamba lugha ya mkutano ni Kimaa, pamoja na Kiswahili kwa wasioijua. Shirika hili lilizaliwa kwa sababu wafugaji hawakufikiwa na hospitali za serikali, na sababu hiyo isipotee kwa wingi wa wageni wa mjini. Lakini pia simtaki jirani yangu akae chini ya mgunga akingoja kuambiwa, kama mama yangu. Huenda wenzangu wakalikataa hili. Basi tulijadili kwenye mkutano, ndiyo kazi ya mkutano.

Jambo jingine dogo lakini likikosewa litaua yote: kadi ya uanachama isiombwe kamwe kwenye dirisha la matibabu. Mgonjwa ni mgonjwa. Asiyetaka uanachama atibiwe sawa na mwenyekiti.

Mume asitakiwe kutia sahihi ili mke aandikishwe. Kitambulisho chake kinatosha, na asiye nacho athibitishwe na wazee wa kijiji, maana wapo wanawake wengi waliozeeka bila kitambulisho.

Na mkutano mkuu, naomba usifanyike tena hotelini Nairobi. Ufanyike Juni, mvua za masika zikiwa zimeisha, malisho yapo, mifugo na wachungaji wake wako karibu na nyumbani. Mkiuweka Septemba, vijana wote wako na ng'ombe mbali, wakifuata majani. Ufanyike siku ya soko, kwa sababu siku hiyo wanawake tayari wamepata ruhusa ya kutoka na wameshapata nauli ya kurudi. Hesabu zisomwe kwa sauti: kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilinunua dawa, kiasi gani kilinunua mafuta ya gari, kiasi gani kililipa posho za vikao. Sisi ambao maisha yetu yote ni kuhesabu mbuzi jioni hatushindwi kuelewa kilichoingia zizini na kilichopungua.

Sitaki kuwadanganya kwamba wanachama wengi ni raha. Kutakuwa na kelele. Watu watauliza maswali ya kipumbavu na mengine ya uchungu. Mtu atasimama kulalamikia jambo la mwaka 2009. Mkurugenzi atalazimika kueleza kwa Kimaa kitu alichozoea kukieleza kwa lugha ya ripoti, na mara ya kwanza atachoka. Lakini wazee wetu wameendesha mikutano ya namna hiyo chini ya miti tangu zamani, mtu akisema mpaka amalize, hakuna anayemkata, hata jua likizama. Ninyi wenyewe ndio mliotufundisha kusikiliza hivyo.

Nami nikiwa mwanachama najua nitakuwa nimejifunga. Sitaweza tena kusema "shirika lao". Dawa ikikosekana, sehemu ya lawama itakuwa yangu. Nitalazimika kuja kwenye mkutano hata kama ng'ombe amezaa usiku ule, na nikishindwa katika kura nitarudi nyumbani nikubali. Hayo nimeyapima na niko tayari.

Kwa kuwa fomu haipo, nimeandika ombi langu kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari la mwanangu: jina, nambari ya kitambulisho, kijiji, majirani wawili wanaonifahamu, na sentensi moja inayosema naomba kuwa mwanachama mwenye kura na nitafuata katiba ya shirika. Wanawake wa kikundi chetu cha shanga wakaniona nikiandika, wakaomba niwaandikie na wao. Kisha wakaja vijana watatu waliorudi kutoka malishoni. Maombi sasa yamekuwa 41. Moja lina alama ya dole gumba, ni la mama mkwe wangu, ambaye alinisomesha sentensi ile mara mbili kabla ya kukubali kubandika kidole.

Jumanne ni siku ya kliniki ya macho pale mjini. Tumechanga nauli, na safari hii mama mkwe anakwenda, nitalala naye kwa mama mmoja wa kanisani aliyekubali kutupokea. Asubuhi, kabla ya foleni ya kliniki, tutapitia ofisini kwenu na bahasha. Tunaomba karani aruhusiwe kuipokea, aandike tarehe, na atugongee mhuri kwenye nakala yetu.

Wenu kwa heshima,

Mhudumu wa afya wa jamii, Kaunti ya Kajiado